Sekunde Kumi na Moja za Sebuleni

Saa saba mchana jengo la mafundi halina subira na mtu. Kila kibanda kinajaribu spika yake, kila fundi anapaza sauti ili amshinde jirani, na mteja asiye na kifua hurudi nyumbani na redio yake mbovu bila kusikilizwa. Siku hiyo, mbele ya meza ya Fundi Waya, alisimama mwanamke aliyekumbatia redio kaseti ya zamani. Alivaa koti jeupe la kazini juu ya gauni la zambarau, na kwenye nywele alikuwa amechomeka kalamu mbili ambazo alikwisha kuzisahau. Alikuwa mfamasia. Duka la dawa alilofanyia kazi lilikuwa mtaa wa pili, na mapumziko yake yalikuwa nusu saa.

"Imekataa kuzungusha," alisema. "Na uangalie, Fundi, kuna kaseti ndani. Ukiiharibu nitalala hapa hapa juu ya meza yako."

"Lala tu, dada yangu. Watu watadhani siku hizi nauza magodoro."

Fundi alibadilisha kamkanda ka mpira ka ndani, akapuliza vumbi, akabonyeza. Kwanza mkwaruzo. Halafu sauti ya mwanamke, kali kama kengele ya shule: "Nani kamwaga maji kwenye ngazi zangu? Ninyi ni wapangaji au mabata?"

Vibanda viwili mbele, mwanamume mrefu mwenye shati lililochafuka wino kwenye kiwiko aliangusha nyaya alizokuwa anachagua. Alipasua njia katikati ya watu, akafika anahema.

"Bi Ufunguo!"

"Samahani?"

"Huyo ni Bi Ufunguo! Hiyo ni sehemu ya thelathini na tisa. Dada, umeipata wapi?"

"Kaka, kwanza sogea. Unanimwagia jasho kwenye koti."

"Nisamehe. Ila hiyo sauti ningeitambua hata ukinichanganyia na sauti elfu."

Mfamasia alimtazama kuanzia kiwikoni hadi viatuni. Kiatu kimoja kilikuwa na kamba nyeusi, cha pili kamba ya bluu.

"Huyo unayemwita Bi Ufunguo," alisema polepole, "ni mama yangu."

Fundi Waya akazima redio kwa adabu, kana kwamba mwenye sauti ameingia.

Kwa wasiokumbuka, na najua mmefundishwa kutokumbuka, *Jirani wa Juu* ulikuwa mchezo wa televisheni wa kila Jumapili, miaka thelathini iliyopita. Jengo moja la kupanga, wapangaji tisa, na msimamizi mwenye shada la funguo kiunoni, Bi Ufunguo, ambaye alijua siri za kila chumba. Sehemu arobaini zilirushwa. Leo kituo hakina hata moja. Hakukuwa na moto, wala mafuriko, wala vita. Mtu mmoja mwenye tai aliandika kwamba nafasi imejaa, kanda zifutwe zitumike tena, akapiga muhuri, akaenda kunywa chai. Juu ya kicheko cha Bi Ufunguo wakarekodi mkubwa mmoja akizindua choo cha ofisi. Choo chenyewe kimeshabomoka. Aliyepiga muhuri alistaafu kwa sherehe na kupewa saa ya ukutani.

Yule mwenye shati la wino alikuwa mchoraji wa katuni, na kwa miaka miwili alikuwa anazirudisha sehemu hizo kwa mkono. Alikuwa na picha kumi na moja za magazeti, na ramani ya ngazi aliyochorewa na aliyekuwa seremala wa mchezo. Kilichokosekana ni sauti. Ukiwa na sauti, mdomo uliochorwa unaweza kufunguka pale pale ulipofunguka wa kweli.

"Baba ndiye aliyerekodi," mfamasia alimweleza, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za nje, redio katikati yao. "Kila Jumapili anashika maikrofoni mbele ya televisheni. Mama alitaka asikie alipokosea."

"Mnazo ngapi?"

"Kaseti sita. Sehemu kumi na mbili. Na siziazimi."

"Sijaomba."

"Macho yako yameomba."

Mchoraji alicheka. Mfamasia akatazama saa, akaruka. "Nusu saa imekwisha! Wagonjwa watanila."

"Nikiumwa nikutafute wapi?"

"Unaumwa nini wewe?"

"Bado sijui. Imeanza sasa hivi."

*

Ugonjwa ule haukuchukua muda kujulikana. Siku ya tatu mchoraji alifika dukani akidai kichwa kinauma. Siku ya tano mgongo. Ya saba alipanga foleni nyuma ya kina mama wenye watoto wa kikohozi, na zamu yake ilipofika akasema, "Leo siumwi popote, ndiyo maana nina wasiwasi."

Mfamasia alichukua bahasha ndogo ya vidonge, akaandika namba yake ya simu, na chini yake: *1 x 3, baada ya chakula.*

Kuanzia hapo mchoraji alimpigia mara tatu kwa siku. Yeye alimwita Dozi. Mfamasia alimwita Katuni.

"Katuni, umekula?"

"Nimekula, Dozi. Unanisikia natafuna?"

"Nasikia penseli. Unatafuna penseli, mtu mzima wewe!"

Kaseti zilikuja moja moja. Ya kwanza aliileta kwa mkono wake mpaka kwenye chumba cha kazi cha mchoraji, juu ya kiwanda cha kuchapa kalenda, ambako sakafu ilitetemeka kila mashine zilipowashwa. Akakaa, akaona Bi Ufunguo akipanda ngazi kwa mistari myeusi, shada la funguo likicheza kiunoni, mdomo ukifunguka na sauti ya mama yake ikitoka humo. Mama huyo alikufa kwa homa ya siku nne, yeye akiwa na miaka mitano. Akaweka kiganja mdomoni, na hakukiondoa mpaka picha ilipokwisha.

"Nimekosea?" mchoraji aliuliza kwa hofu.

"Rudia," alisema. "Rudia, mpenzi."

Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la mapenzi, na lilitoka lenyewe.

Kaseti ya sita ndiyo aliyochelewa kuitoa. Ilikuwa ile ya jengo la mafundi, yenye sehemu ya thelathini na tisa. "Hii nayo ina mama zaidi ya zote," alisema, akaikabidhi kwa mikono miwili. Mchoraji alidhani anasema kwamba Bi Ufunguo ana maneno mengi katika sehemu hiyo. Hakuuliza. Mfamasia naye hakueleza, kwa sababu kwake jambo lilikuwa wazi kama mchana.

Mchoraji alikuwa na utaratibu wake. Kwanza ananakili kaseti kwenye kompyuta. Pili anakaa na daftari, anaorodhesha kila kelele isiyokuwa ya mchezo, kwa sababu maikrofoni ya Baba ilidaka kila kitu. Tatu anaziondoa, moja baada ya nyingine, mpaka sauti inang'aa. Daftarini aliandika hivi: *Sekunde ya 14, mwanamume anakohoa, ondoa. Dakika ya 3, mbwa, ondoa. Dakika ya 9, mtoto anakimbia, mlango, mwanamke wa nyumbani anaongea, sekunde kumi na moja, ondoa.*

Aliondoa. Wiki ile ile redio yake ikautafuna utepe wa kaseti ya sita, ukatoka umejikunja na kukatika mara mbili. Alikaa sakafuni akiwa ameushika mkononi. Amwambie? Lakini si alikuwa ameshanakili? Akautia utepe kwenye bahasha, akanyamaza. Na mwezi mmoja baadaye, kompyuta ilipolalamika kwamba nafasi imejaa, michoro ikiwa mizito kuliko alivyofikiri, alifuta nakala zote ambazo hazijasafishwa. Ilimchukua muda wa kupiga chafya.

*

Onyesho la sehemu ya thelathini na tisa lilifanyika Jumamosi saa tisa alasiri, katika ukumbi wa maktaba. Wazee waliomkumbuka Bi Ufunguo walikuja na wajukuu zao. Mfamasia alivaa gauni la kijani lenye mikono mirefu na hereni zilizokuwa za mama yake. Alikaa mstari wa mbele na Baba, mzee mwembamba, karani mstaafu wa posta, aliyevaa suti ya harusi yake mwenyewe.

Ukumbi ulicheka ulipotakiwa kucheka. Ilipofika dakika ya tisa, Bi Ufunguo alisimama mbele ya mlango wa mpangaji mpya, akagonga, akapaza sauti: "Hodi! Fungua, najua umo ndani!"

Mfamasia aliushika mkono wa Baba. Akainamisha kichwa, akafumba macho, akasubiri.

Kimya. Kimya kisafi, kilichopigwa deki. Halafu mlango wa kwenye picha ukafunguka na mchezo ukaendelea.

Watu waliposimama kupiga makofi, yeye alikuwa tayari kwenye korido. Mchoraji alimkuta huko, uso wake bado una tabasamu la jukwaani.

"Dozi! Vipi, umeona walivyo..."

"Yuko wapi?"

"Nani, mpenzi?"

"Mama."

Alidhani anataniwa. "Si umemwona? Dakika ishirini na mbili nzima."

"Siyo wa kwenye ngazi. Mama yangu. Wa sebuleni." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Siku ile tulikuwa tunaangalia wote. Bi Ufunguo alipopiga hodi kwenye televisheni, mimi nikakimbia kumfungulia mlango wa nyumba. Nilikuwa na miaka minne, nilidhani mama yuko nje. Na mama alikuwa amekaa nyuma yangu. Akaniita. 'Wewe, unakwenda wapi? Mama yuko hapa. Siendi popote.' Iko kwenye kaseti. Hiyo ndiyo sauti yake, Katuni. Ile nyingine ilikuwa ya kazi."

Mchoraji alilikumbuka daftari.

"Nilidhani ni... ni mtu wa nyumbani tu. Nilidhani ni kelele."

"Kelele."

"Sikumtambua."

"Wewe si ungemtambua kati ya sauti elfu?"

Mfamasia akanyoosha kiganja.

"Nirudishie kaseti yangu, nikasikilize mwenyewe."

"Redio iliutafuna utepe. Nilikuwa nimeshanakili, nikaona nisikutie wasiwasi."

"Na nakala?"

"Nafasi ilikuwa imejaa. Nikafuta."

Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka, akatamani ayameze. Mara ngapi alikuwa amemwigizia yule mtu wa muhuri, kwa hasira, akigonga meza, *nafasi imejaa, nafasi imejaa*, mpaka wakacheka wote wawili?

"Basi na wewe wakupe saa ya ukutani," mfamasia alisema. Akavua hereni moja, kisha ya pili, akazitia mkobani, akaenda kumchukua baba yake.

*

Miezi minne ni mingi. Mchoraji aliandika ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Alipiga simu mara tatu kwa siku, baada ya chakula, mpaka siku moja akaona anamwonea, akaacha. Ila kwenye simu yake kulikuwa na sauti moja ya zamani, ya sekunde tatu: "Katuni, umekula?" Aliihifadhi sehemu tatu tofauti. Jioni alikuwa anaiwasha na kuijibu, chumbani peke yake, kama mwehu: "Bado, Dozi. Bado."

Mfamasia naye alihesabu vidonge, akakosea, akahesabu upya. Kila alipoandika *1 x 3* juu ya bahasha mkono wake ulisita kidogo. Foleni ikiwa na mwanamume mrefu, aliangalia kiwiko kwanza. Hakikuwa na wino hata siku moja, na hilo lilimkasirisha zaidi kuliko kosa lenyewe.

Jumapili moja, mchana, Baba alimkuta ameketi mbele ya redio kaseti iliyo tupu.

"Mama," alimwita, kwa maana tangu mkewe afe alimwita binti yake hivyo, "yule kijana wa kamba mbili yuko wapi?"

"Amemfuta mama yangu, Baba."

Akamweleza yote. Mzee alisikiliza, akakunja miwani yake, akaikunjua.

"Zile kaseti, unadhani kwa nini ni sita?"

"Si ndizo mlizokuwa nazo."

"Mchezo ulikuwa na sehemu arobaini. Mimi nilirekodi zote arobaini. Kaseti zilikuwa sita. Sasa hesabu mwenyewe."

Binti alimgeukia.

"Kila Jumapili nilichagua ipi nirekodi juu yake. Kuna moja ulikuwa unajifunza kuhesabu, mama yako anakusahihisha, nyie wawili mnagombana kuhusu saba na nane. Niliifuta. Kuna moja alikuwa anaimba jikoni mchezo wote, hata mwenyewe hasikii anachoigiza. Niliifuta nikarekodi nyingine, na yeye akaniambia fanya haraka, inaanza." Akakunja tena miwani. "Nilidhani yupo. Nani anaweka akiba ya sauti ya mtu aliye jikoni anakuita uje ule?"

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaniangalia hivyo unavyoniangalia."

Binti alihama kiti, akakaa karibu naye.

"Yule wa kituo," Baba aliendelea, na hapa sauti yake ikapata makali ambayo posta haikuwahi kuyasikia, "huyo sitamsamehe. Alifuta kwa sababu mama yako hakuwa kitu kwake. Nikimkuta mbinguni tutapelekana kwa wakubwa wa huko. Lakini mimi nilifuta kwa sababu nilidhani hataisha. Huyo kijana wako alifuta kwa nini? Kamuulize. Akiwa wa upande wa yule, rudi nyumbani tunywe chai. Akiwa wa upande wangu, basi ukimkasirikia yeye, nikasirikie na mimi."

*

Simu iliita mara moja tu.

"Dozi?"

"Mbona umepokea haraka hivyo, ulikuwa umeikalia?"

"Nilikuwa nimeishika. Tangu mwezi wa nne."

Mashine za kalenda zilisikika chini yake.

"Umekula?" mfamasia aliuliza. Hakuwa amepanga kuuliza hilo.

"Naomba uje," mchoraji alisema. "Siyo kunisamehe. Kuna kitu chako hapa, ni haki yako."

Alikuja na koti lake jeupe, kalamu mbili kichwani. Alimkuta Fundi Waya akikusanya bisibisi zake.

"Shemeji," Fundi alisema kabla hajaulizwa, "huyu mtu kanimaliza. Miezi minne tunanyoosha utepe kwa vidole, kipande kwa kipande. Mke wangu anauliza kama nimeoa kaseti." Akashuka ngazi akiguna.

"Naomba kukuuliza kitu kwanza," mfamasia alisema, bado amesimama. "Ulifuta kwa nini?"

"Kwa sababu nilidhani kilichokuwa cha thamani ni mchezo." Mchoraji hakuinua macho. "Ningejua ni yeye, ningefuta kila mchoro wangu nikaacha hizo sekunde. Sikujua. Sijitetei, nakujibu tu."

Mfamasia alimtazama, halafu akavuta kiti, akakaa. Mchoraji akabonyeza.

Mkwaruzo. "Hodi! Fungua, najua umo ndani!" Lakini kwenye skrini hapakuwa na ngazi wala Bi Ufunguo. Ilikuwa sebule, ikitazamwa kutoka ilipo televisheni. Mwanamume mwembamba kwenye stuli, maikrofoni mkononi, amezuia kikohozi mpaka mashavu yamevimba. Mtoto wa kike anaruka kutoka kwenye zulia, anakimbilia mlangoni, anafungua, anatazama nje kulia na kushoto. Nyuma yao kiti kimoja, kitupu. Na kutoka kwenye kile kiti, ikiyumba kidogo kama inapita ndani ya maji, sauti ya chini, yenye usingizi na kicheko ndani yake:

"Wewe, unakwenda wapi? Mama yuko hapa."

Halafu mkato. Utepe ulipokatika, pale palikuwa pameliwa. Kisha nusu ya mwisho, peke yake: "...popote."

Mfamasia alilia bila kujificha. Mchoraji hakumgusa, hakujua kama bado anaruhusiwa.

"Neno moja limepotea," alisema. "Tumejaribu kila njia. Na sitalitengeneza. Lililopotea limepotea, na mimi ndiye niliyelipoteza."

"Kwa nini kiti ni kitupu?"

"Nimemchora mara kumi na saba. Kila mara anakaa kama Bi Ufunguo. Mimi simjui huyu mwingine, Dozi. Sitaki kubuni tena. Nilitaka nikuulize wewe, alikuwa anakaaje?"

Mfamasia alifuta uso kwa mkono wa koti. Aliinuka, akaenda kwenye kiti cha zamani kilichokuwa dirishani, akavua viatu. Alifikiri kidogo. Kisha akakaa, mguu mmoja ameukunja chini yake, kiwiko kwenye mkono wa kiti, shavu kwenye ngumi. Hakujua kwamba anakumbuka mpaka mwili ulipofika pale wenyewe.

"Hivi," alisema.

Mchoraji alichukua penseli.

"Ni sekunde kumi na moja," alisema. "Kila sekunde michoro kumi na miwili. Ni mia moja thelathini na miwili, na mimi nachora polepole. Halafu kuna kaseti nyingine tano, nazo nimezisafisha vile vile, nataka nizirudie zote, na mbwa, na kikohozi cha Baba. Utalazimika kuja kila siku."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Tatu. Baada ya chakula."

"Hiyo dozi inakwisha lini?"

"Haikwishi. Ndicho ninachokuomba."

Chini, mashine za kalenda ziliwashwa, sakafu ikaanza kutetemeka, na glasi ya penseli ikasogea yenyewe juu ya meza. Mchoraji alisubiri, penseli hewani. Mfamasia hakubadilisha mkao. Shavu lilibaki kwenye ngumi, mguu ulibaki umekunjwa, na macho yake yalikuwa kwenye kile kiwiko chenye wino.

"Chora basi, Katuni," alisema. "Siendi popote."